Waya Mnene wa Stoo

Mstari wa Renatha ulipotea tena kwenye kioo, na Kagaruki, aliyekuwa amesimama mlangoni pa wodi ya wazazi huku ameikunja kofia yake ya ulinzi mkononi, akamgeukia muuguzi.

Ulikuwa mstari wa kijani, unapanda na kushuka. Kioo chenyewe kilikaa juu ya meza ya wauguzi, kikionyesha wagonjwa wote wa chumba cha uangalizi kule mwisho wa korido: kila mgonjwa na kisanduku chake, kila kisanduku na mstari wake, na chini ya mstari tarakimu za presha. Mashine za kando ya vitanda zinapima, kioo kinaonyesha, muuguzi mmoja aliyekaa mezani anawaona wote kwa mpigo. Ndivyo wakubwa walivyohutubia siku ya kukizindua, walipokata utepe na kula kuku. Sasa visanduku vilikuwa vyeusi vyote, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

Sista Immakulata, muuguzi wa zamu, aliinuka kitini. Aliinama nyuma ya meza, akachomoa waya mwembamba wa kioo, akauchomeka tena. Mistari ikarudi, na wa Renatha ukarudi nayo.

"Imerudi," alisema bila kugeuka. "Mzee, rudi getini kwako."

"Itakaa?"

"Itakaa dakika nne. Ikijitahidi sana, tano."

"Halafu?"

"Halafu nitachomoa tena nichomeke tena. Nilisomea uuguzi, waitu, mzee wangu, lakini naona nitastaafu nikiwa fundi umeme."

Juu yao matone ya kwanza yaligonga mabati. Wodi ile haikuwa na dari. Ilioza, ikashushwa, na kila mwaka wakubwa waliahidi kuirudisha. Mvua ya Muleba ikishuka kweli pale, mtu na mtu wakikaa benchi moja hawasikiani. Renatha, mtoto wa pekee wa Kagaruki aliyebaki karibu naye, alikuwa amelala kule mwisho, siku ya pili tangu apasuliwe kwa kifafa cha mimba. Mtoto alikuwa mzima. Mama ndiye aliyekuwa hajavuka. Daktari aliwaambia waziwazi: degedege inaweza kurudi wakati wowote, na kabla haijarudi presha itapanda. Ikionekana inapanda, kuna sindano. Isipoonekana, hakuna.

Na Kagaruki alijua maana ya kutoonekana. Mwaka juzi, katika jengo hilohilo, mkewe Clotilda alilazwa baada ya upasuaji. Mashine ya kitandani kwake ililia. Wagonjwa wa jirani walisema baadaye kwamba ililia sana. Lakini mvua ilikuwa inayatwanga mabati, muuguzi alikuwa upande wa pili na mgonjwa mwingine, na hakuna aliyesikia. Alimzika kwao Kanazi, kibanjani, kati ya migomba aliyoipanda marehemu kwa mkono wake. Wakubwa wa hospitali walileta shada na maneno. Hakuna aliyeitwa kujieleza. Kosa la mkubwa huitwa mapenzi ya Mungu. Kosa la mdogo huitwa uzembe.

Kioo kilinunuliwa kwa ajili ya vifo vya namna hiyo, ili mvua isizibe tena masikio ya mtu. Na sasa kilikuwa kinakufa mvua inapokuja, si siku nyingine.

Hakurudi getini. Leo geti lingejilinda. Asubuhi mawingu yalipoanza kupanda kutoka ziwani alizifanya kazi zake zote za mvua kama kawaida: aliingiza ndani viti vya wageni, akafunga madirisha ya utawala, akachomoa cha kuchomolewa, ndipo akashuka wodini. Mtu asimwambie kwamba hakutimiza wajibu.

Fundi wa mtandao alifika akitokea Bukoba, suruali imelowa hadi magotini. Aliitwa Nancy, binti wa watu wa Nyanga, mwembamba, wa maneno machache, na begi lake alilikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nyuma yake, chini ya mwavuli, alikuja Bwana Josia, katibu wa hospitali.

"Huyu ndiye fundi wetu wa jua," Josia alimwambia Sista. "Ameshakuja mara mbili. Kila akiingia, vifaa vinapona kwa kumwogopa. Akiondoka, vinaugua."

"Mara zote mbili nilikuta mvua imekwisha," Nancy alisema. "Leo nimeiwahi."

"Basi iwahi vizuri. Gari linawekwa mafuta. Daktari amesema kama kioo hiki hakiaminiki, mgonjwa wa kitanda cha dirishani apelekwe Bukoba."

Wa kitanda cha dirishani alikuwa Renatha. Kagaruki alimtazama Sista, na Sista akatikisa kichwa polepole.

"Bwana Josia," alisema, "yule anatakiwa giza na utulivu. Mtikisiko na kelele ndivyo vinavyoamsha degedege. Unataka nimpakie kwenye gari, kwenye utelezi ule wa kushukia lami, na radi hii?"

"Kwa hiyo nikae naye hapa nikisubiri nini? Nikipata kifo hapa nitajibu mimi."

Utajibu wewe, Kagaruki aliwaza. Ulijibu lini?

Nancy alikwisha kupiga magoti mbele ya kabati dogo la chuma lililofungwa ukutani, nyuma ya meza ya wauguzi. Ndani mlikuwa na kifaa bapa chenye matundu mengi na nyaya za buluu, taa zake za kijani zikikonyeza. Hiyo ndiyo swichi, nyaya zote za wodi zilikutana pale. Aliunganisha laptopu yake, akaandika, akasubiri, akaandika tena. Josia alisimama kidogo, akaona hakuna cha kuona, akaenda dirishani kupiga simu.

Kagaruki alisogea. Hakuwa na haki ya kusogea, lakini miguu ilimpeleka.

"Binti, kidude hiki kinaumwa nini?"

"Hakiumwi, mzee. Kimeambiwa kwamba watu wameondoka."

"Nani kaondoka? Sisi tupo."

Nancy alimtazama kwa mara ya kwanza. Labda alitaka kumfukuza. Labda aliona macho yake.

"Nani wako yuko ndani?"

"Mwanangu. Wa dirishani."

"Pole, waitu." Aligeuza laptopu kidogo ili na yeye aone. "Umewahi kuhudumia pombe ya lubisi kwenye sherehe?"

"Mpaka mkono ukafa ganzi."

"Ulikuwa unammiminia kila mtu aliyeko uwanjani?"

"Nimmiminie na mlokole? Namiminia anayetaka."

"Na utajuaje kwamba aliyetaka mwanzo bado anataka?"

"Si anaulizwa. Yuko mtu wa kupita akiuliza, nani bado? Mwenye kiu anainua kikombe."

"Ndivyo ilivyo humu. Mashine ya mwanao haimpigii simu mtu mmojammoja. Inatangaza mara moja, kwa kundi zima la wanaotaka. Swichi hii ndiyo mhudumu. Inapeleka tangazo kwenye waya wa aliyeomba tu, haimwagi ovyo. Lakini lazima awepo muulizaji wa kupita kila baada ya muda: nani bado anataka? Kioo cha Sista kinajibu: mimi. Asipopita muulizaji, kioo hakijibu, maana hakikuulizwa. Swichi inangoja, inangoja, kisha inasema huyu ameshaenda nyumbani. Inamkatia."

"Na Sista akichomoa waya?"

"Kioo kinaingia upya kama mgeni. Kinapiga hodi, kinaomba, kinamiminiwa. Halafu hakiulizwi tena. Tazama."

Kwenye laptopu palikuwa na mstari mmoja wa maandishi, na mwishoni mwake tarakimu zilizokuwa zinapungua. Huo ni uhai wa kioo mbele ya swichi, Nancy alimweleza. Muulizaji akipita na kioo kikajibu, tarakimu hupanda tena juu. Zilikuwa hazipandi. Kagaruki hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini kuhesabu kwenda chini hakuhitaji shule. Mvua ilikuwa imeshika sasa, mabati yananguruma, na tarakimu zinashuka moja baada ya moja bila haraka na bila huruma. Zilipofika mwisho mstari ule ulifutika. Juu ya meza visanduku vikageuka vyeusi.

Sista alikuwa amekwisha kuondoka mbio kwenda chumbani kutazama wagonjwa kwa macho yake. Nancy alichomoa waya akauchomeka. Mistari ikarudi. Sista akarejea anahema.

"Siwezi kukimbia hivi mpaka asubuhi," alisema. "Niko peke yangu na kuna anayejifungua chumba cha pili."

"Kwani huwezi kuiambia hiyo swichi imwage tu kwa wote?" Kagaruki aliuliza. "Bora nusu imwagike."

"Nilifanya hivyo safari iliyopita," Nancy alisema. "Ikamwaga kila tangazo kwenye kila waya. Kompyuta za dawa na mapokezi zikaelemewa, zikasimama. Bwana Josia alinitukana kwa simu mpaka mama yangu akasikia."

"Sasa muulizaji mwenyewe ni nani? Kalala wapi?"

"Ni kifaa kikubwa kilichoko utawala. Nilikifunga mwezi uliopita, kwenye kabati la stoo, kule wanakoweka mafagio. Mpaka sasa hakiniitikii."

Kagaruki aliikunja tena kofia yake.

"Utawala wanasema kwao mtandao hupotea kila mawingu yakitanda," Nancy aliendelea, macho kwenye laptopu yake. "Wamezoea. Wakiona wingu wanakwenda kunywa chai. Mimi nilidhani ni antena tu. Lakini kifaa kile hakihitaji antena kuuliza. Kinahitaji umeme, basi."

Ilikuwa kana kwamba mtu amemwagia Kagaruki maji ya barafu ndani ya shati.

Mwaka juzi, muda mfupi kabla ya msiba wake, radi ilipiga utawala ikaunguza antena na kompyuta. Josia alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, mtu mzima wa mvi, akamsema kama mtoto aliyeachia mbuzi shambani. Kisha akampeleka stoo, akamwonyesha kwa kidole waya mnene uliotoka kwenye kabati kwenda ukutani. Mawingu yakianza tu, chomoa huu. Usinisubiri. Usiniulize. Ukisahau tena, utarudi kwenu Kanazi kupalilia.

Hakusahau tena. Ndiyo kazi pekee katika hospitali ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kumshika nayo kosa. Mawingu ya asubuhi, mawingu ya jioni, alichomoa. Jua likitoka, alichomeka. Alijua anazima mambo ya wakubwa, intaneti zao na simu zao za picha, na hilo, kusema kweli, halikumuuma. Alizoea hata kutabasamu kidogo akiwasikia wanalalamika. Kwamba mwezi uliopita kitu kingine kiliwekwa ndani ya kabati lile, kitu cha kuuliza nani bado anataka, nani angemwambia? Mlinzi haambiwi. Mlinzi anaamriwa.

Na leo alichomoa kwanza, ndipo akaja kumwona mwanawe.

Alitoka bila kuvaa kofia. Mvua ilimpiga usoni, ua umekuwa mto mwekundu. Alipofika utawala radi ilipasuka juu ya kilima, mwanga na mshindo kwa pamoja, vioo vikatetemeka. Alisimama mlangoni pa stoo, maji yanamchuruzika, akautazama waya ukiwa sakafuni kama alivyouacha.

Akichomeka sasa na radi ikapita humo, kifaa kitaungua, na muulizaji atakuwa amekufa kweli, si kulala. Hapo hakuna wa kumtetea. Unga utakuwa umemwagika, na Renatha atapakiwa garini. Asipochomeka, ni dakika nne, kisha giza, kisha dakika nne. Alipangusa viganja kwenye suruali, lakini suruali nayo ilikuwa imelowa. Alichukua tambara la kupigia deki, akakausha vidole kimoja kimoja, akashika kichwa cha waya kwa tambara lilelile, akausukuma ukutani.

Ndani ya kabati taa zilianza kuamka.

Aliporudi wodini Nancy alikuwa amesimama, mkono kiunoni. Kwenye laptopu tarakimu zilikuwa zimeshuka karibu na mwisho, kisha zikaruka juu. Zikashuka tena. Zikaruka juu tena.

"Muulizaji amerudi," alisema. "Sijagusa kitu."

"Si nilikwambia?" Josia alisema akitoka dirishani. "Mvua imeanza kupungua."

Ilibidi apaze sauti ili mvua isimfunike.

Kagaruki alijibanza ukutani, maji yakifanya dimbwi miguuni pake. Mstari wa Renatha ulikuwa unapanda na kushuka. Basi, aliwaza. Yamekwisha. Nitakaa kimya. Sitachomoa tena mpaka atoke hospitali, na Mushumbusi, mlinzi wa zamu ya usiku, nitamwambia naye aache. Nani atajua? Hawakuniambia walipokileta, nami siwaambii. Ngoma droo.

Sista Immakulata alikuwa anamtazama Nancy.

"Mwanangu, niambie jambo moja. Nikiamini kioo hiki au nimpakie mgonjwa?"

Nancy alishusha mkono kiunoni. "Sijui, Sista. Sijui kwa nini kilikufa, na sijui kwa nini kimefufuka. Kinaweza kufa tena ukiwa umempa mgongo. Siwezi kukudanganya."

"Basi apakiwe," Josia alisema. "Gari liko tayari. Mimi sichezi na bahati nasibu."

Alikwisha kugeuka kwenda mlangoni. Radi ilipiga tena, na kutoka mwisho wa korido ikasikika sauti ya Renatha, ndogo, ikimwita baba kwa Kihaya: Tata. Hakuwa amemwona. Aliita tu, kama wanavyoita wagonjwa.

"Ni mimi," Kagaruki alisema.

"Wewe nini?" Josia aliuliza.

"Mimi ndiye niliyekizima. Cha stoo. Nilichomoa waya asubuhi, na sasa hivi nimekwenda kuuchomeka. Mawingu yakija mimi huchomoa. Siku zote."

Nancy aliketi juu ya begi lake taratibu. Josia alimkazia macho.

"Nani alikutuma kuchezea mitambo ya hospitali?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulinipeleka stoo ukanionyesha kwa kidole. Ukasema chomoa waya mnene, usiniulize. Sijakuuliza."

"Nilisema antena. Nilisema wakati ule. Hapakuwa na kifaa hiki, mtu wangu, huna hata akili ya kuona kabati limebadilika?"

"Nina akili ya kuamriwa. Ndiyo mliyoniajiria. Mlipoleta vifaa mliita wageni, mkaita mchungaji, mkaita padri. Mlinzi mlimwambia apange viti." Alinyoosha kidole kuelekea mwisho wa korido. "Mke wangu alilia humu na mashine yake ikalia, mkasema ni mvua. Leo mvua ni mimi. Haya. Nifukuze. Lakini mwanangu asipakiwe."

"Na betri ya akiba?" Nancy aliuliza ghafla. "Niliacha betri kubwa nyeusi chini ya kabati lile. Hata waya ukichomolewa ingekibeba kifaa kwa muda. Iko wapi?"

Josia alirekebisha mwavuli wake. Kagaruki ndiye aliyejibu.

"Iko ofisini kwake. Umeme ukikatika inalisha televisheni."

"Nyamazeni wote," Sista Immakulata alisema. "Mtagombana mgonjwa wangu akipona. Nancy, kwa kuwa sasa umejua, kinatengenezeka au hakitengenezeki?"

"Kinatengenezeka." Binti alikuwa amekwisha kurudi magotini. "Hata swichi hii ya wodini inaweza kuuliza yenyewe. Ina akili hiyo, sikuiamuru tu. Nilisema muulizaji mmoja anatosha hospitali nzima, nikamweka kule ng'ambo ya ua, mbali na wenye kiu. Hilo kosa ni langu, wala si la mvua." Aliandika, akasoma alichoandika midomo ikichezacheza, akaandika tena. "Tayari. Yule wa utawala akizimika, huyu wa hapa atashika zamu. Ila sitaki kuamini kwa mdomo. Lazima tujaribu."

"Tujaribu vipi?"

"Mtu aende achomoe ule waya."

Walimtazama Kagaruki, na yeye akaitazama mikono yake.

Kwa muda wote wa kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumwomba achomoe, aliamriwa, akaenda. Sasa miguu ilikataa. Mstari ulikuwa pale, hai, kwa sababu waya ulikuwa ukutani. Yeye ndiye akauvute?

"Nenda, mzee," Nancy alisema kwa upole. "Kama nimekosea, ni bora tujue sasa Sista akiwa macho kuliko saa ambayo hayupo. Mimi nitakaa na kioo. Sitapepesa."

"Na mimi nakwenda kusimama kitandani kwake," Sista akasema, kisha kutoka chumba cha pili mwanamke akapiga kelele ya uchungu, na Sista akafumba macho kidogo. "Nitasimama nikiweza. Nenda."

Alivuka ua kwa mara ya pili. Stoo taa za kabati zilikuwa zinakonyeza. Alishika waya kwa lile tambara, akasema jina la Clotilda kimoyomoyo, si sala, jina tu, akavuta. Taa zikafa. Alijaribu kukimbia kurudi, akateleza uani, akaanguka kwa goti, akaendelea.

Wodini Josia alikuwa amebaki, na hilo lilimshangaza. Nancy hakugeuza uso. Kwenye laptopu tarakimu zilikuwa zinashuka, na Kagaruki alisimama nyuma ya bega lake akizitazama zinavyoshuka, zikapita pale ziliporuka mara ya mwisho, zikashuka zaidi. Sista hakuwepo kitandani kwa Renatha. Alikuwa chumba cha pili. Sauti yake ilisikika ikisema sukuma, sukuma mama. Mabati yalinguruma. Tarakimu zilishuka zikakaribia kabisa mahali ambapo mwanzo mstari ulifutika.

"Bado," Nancy alinong'ona. "Huyu wa hapa anahakikisha kwanza kwamba mwenzake hayupo. Ndipo ashike."

"Binti."

"Bado, waitu."

Tarakimu zikaruka juu.

Nancy alitoa pumzi ndefu. Zikashuka kidogo, zikaruka tena. Juu ya meza mistari iliendelea kutembea. Dakika zile nne zilipita, zikapita na nyingine, na kioo hakikufumba.

Ni wakati huo kisanduku cha Renatha kilipogeuka chekundu.

Kutoka chumbani hakikusikika kitu. Mashine ya kitandani lazima ilikuwa inalia, lakini kati yake na meza palikuwa na korido na mvua na mabati, na Kagaruki, aliyetega masikio yake yote, hakusikia chochote. Kioo ndicho kilicholia. Kilikuwa na sauti yake, kali, ya karibu, na chini ya mstari tarakimu za presha zilikuwa juu kuliko alivyowahi kuziona.

"Sista," Nancy aliita. "Dirishani. Presha."

Immakulata alitoka chumba cha pili mikono imeinuliwa, akavua glovu akitembea, macho yakipita kwenye kioo bila kusimama. "Bwana Josia, mwite daktari. Kwa miguu, usipige simu. Mama wa chumba cha pili asisukume mpaka nirudi, mwambieni." Akapotelea kwenye korido. Josia, katibu wa hospitali, aliuangusha mwavuli akakimbia.

Kagaruki hakuruhusiwa kupita mlango wa uangalizi. Alisimama kwenye kizingiti. Aliona mgongo wa Sista, aliona mguu wa Renatha nje ya shuka ukianza kutetemeka, vidole vikikakamaa, aliona sindano ikiinuliwa kwenye mwanga wa dirisha na kushushwa. Daktari alimpita kwa kasi akamsukuma pembeni. Walisema maneno mafupi asiyoyaelewa. Mguu ulitetemeka, ukatetemeka. Kisha ukalegea, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, mpaka aliposikia mwanawe akikohoa.

"Renatha," daktari alikuwa anasema. "Renatha, unanisikia? Fumba macho, pumzika. Umewahiwa."

Mvua ilikuwa bado inapiga. Kagaruki alirudi kwenye meza ya wauguzi kwa kushika ukuta. Presha ilikuwa imeanza kushuka, kidogokidogo, kwa shingo upande. Nancy alikuwa amekaa sakafuni, laptopu mapajani, anajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Josia aliingia, viatu vimejaa tope. Aliokota mwavuli wake, akaukunja vizuri kuliko ilivyohitajika.

"Kagaruki," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Nifuate ofisini. Lazima jambo hili tuliweke sawa. Nani aliagiza nini."

Kagaruki alikwisha kujua litakavyowekwa sawa. Wangeitana, wangekaa kwenye viti alivyovifuta yeye, na mwisho wa maneno yote mengi ya wasomi angepatikana mzembe mmoja, na asingekuwa mwenye televisheni. Kazi huenda ilikuwa imekwisha pale pale. Alitegemea kuona hasira yake ya siku zote ikipanda. Ilikuwepo, lakini ilikuwa imechoka, na ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kama changarawe kwenye wali, kilichokuwa na umbo la mkono wake mwenyewe.

"Nitakuja," alisema. "Akilala."

"Nimesema sasa."

"Nimesikia."

Hakusogea. Josia alimtazama Sista Immakulata, aliyekuwa anarudi kunawa mikono akimbilie chumba cha pili, kana kwamba yeye angemsaidia kumwondoa mlinzi. Sista hakumwona, au alijifanya hakumwona. Mikono yake ilikuwa na povu. Kwa mguu alivuta kiti cha wauguzi kutoka chini ya meza, akakisukuma mpaka kikagusa magoti ya Kagaruki yenye tope.

"Kaa hapo," alisema. "Kikibadilika rangi, niite."

Alikaa. Aliweka viganja juu ya magoti, akauangalia mstari.